Mali bila daftari: kazi ya akina mama wa Mafia

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita)

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu tumezoea kuuona madukani, umebandikwa ukutani juu ya kichwa cha mwenye duka, ili mteja ajue kwamba deni lake limeandikwa na halitasahaulika. Leo, ndugu msomaji, nataka tuutoe dukani tuupeleke baharini na shambani. Nataka tuulizane: kazi ya mwanamke wa nchi hii, na hasa wa huku pwani, imeandikwa katika daftari gani? Na kama haikuandikwa, hasara imemwangukia nani?

Najua wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya semina, ya watu wanaokutana hotelini, wakanywa chai, wakachukua posho na kwenda zao. La hasha. Haya ni mambo ya mnazi, ya ardhi, ya pweza na ya fedha ya kununulia daftari la mtoto wa shule. Wachumi wa dunia wameyachunguza kwa zaidi ya nusu karne, na baadhi ya waliyoyagundua yalikwisha kuonekana hapa hapa kwetu, katika Mafia, kabla hayajawa maarufu vyuoni. Kwa hiyo nitaanzia Mafia, tena mahali padogo kabisa: kisiwa cha Shungimbili.

Shungimbili kiko upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa kikuu cha Mafia, katika mlango wa bahari unaoitenga Mafia na bara. Ukubwa wake ni ekari 20 hivi. Mtu mwenye miguu mizima hukizunguka kabla jasho halijamkauka. Ni mchanga mweupe, miti michache, na matumbawe pande zote. Jina lake ni la Kiswahili safi. Shungi ni kile kishada cha nywele au manyoya kinachosimama kichwani, na ushungi ni mtandio anaojitanda mwanamke. Kisiwa kimebeba neno lililo jirani na kichwa cha mwanamke, lakini ukitafuta habari za wanawake katika karatasi zinazohusu Shungimbili utachoka.

Visiwa vidogo vya namna hii, toka zamani, vimekuwa mahali pa dago. Kwa msomaji wa mjini asiyelijua neno hili, dago ni kambi ya wavuvi. Wavuvi huacha makwao kwa majuma au miezi, hujenga vibanda vya makuti karibu na maji yenye samaki, huvua, hukausha, huuza, kisha hurudi kijijini. Kwa kawaida wanaokwenda dago ni wanaume.

Sasa chukua daftari la bwana samaki. Ataandika vyombo: mitumbwi mingapi, ngalawa ngapi, mashua ngapi. Ataandika nyavu, madema na mishipi. Ataandika idadi ya wavuvi na kilo za samaki waliopimwa. Daftari hilo halisemi uongo hata kidogo. Lakini mchele ulio katika mfuko wa mvuvi umetoka wapi? Nani aliyepalilia mpunga ule, akafukuza ndege mchana na nguruwe usiku, akavuna suke kwa suke, akatwanga na kupepeta? Jamvi analolalia mvuvi pale mchangani nani aliyelisuka? Na watoto aliowaacha nyumbani, kwa majuma yote hayo, wanalishwa na nani? Samaki wa dago amevuliwa na watu wawili, mmoja akiwa chomboni na mwingine akiwa shambani, lakini daftari limemwona mmoja.

Mwaka 2007 serikali ilitangaza Shungimbili, pamoja na visiwa vya Nyororo na Mbarakuni, kuwa maeneo tengefu ya bahari, yaani sehemu ambako uvuvi hauruhusiwi. Mwaka 2016 ikafunguliwa pale nyumba ya kifahari kwa ajili ya watalii, na kisiwa kikaanza kutangazwa duniani kwa jina la Thanda. Kundi moja la wageni hukodi kisiwa kizima, kwa maelfu ya dola kwa usiku mmoja. Mimi sina ugomvi na hifadhi, kwani bahari isiyopumzishwa huisha samaki. Wala sina ugomvi na utalii, kwani nchi inahitaji fedha. Ninalotaka tulione ni hili: siku matumizi ya mahali yanapobadilika, iwe ni hifadhi, hoteli, barabara au bandari, swali la kwanza huwa ni nani aliyekuwa akipatumia. Na jibu hutafutwa daftarini. Aliyeandikwa ataitwa mkutanoni. Ambaye kazi yake haikuandikwa hana hata mahali pa kusimama aseme amepoteza kitu.

Ili tuwafahamu hao wasioandikwa, inabidi tuvuke maji turudi kisiwa kikuu, tuingie vijiji vya kaskazini ya Mafia, na turudi nyuma mpaka mwaka 1965.

Mwaka huo alifika huko mtafiti kijana kutoka Uingereza, Pat Caplan, mwanafunzi wa elimu ya jamii na mila za watu katika Chuo Kikuu cha London. Alikaa kijijini, akajifunza Kiswahili cha pale, akahesabu mashamba na minazi, akaandika nani ni ndugu wa nani. Katika maandishi yake kijiji hicho alikiita Minazini. Kitabu chake cha kwanza kuhusu Mafia kilitoka mwaka 1975, na baadaye alirudi tena na tena, mwaka 1976, 1985, 1994, mpaka akawajua watoto wa wale aliowakuta wakiwa watoto. Mwaka 1997 alitoa kitabu kingine kilichojengwa juu ya maneno ya wanakijiji wenyewe: mwanamume mmoja, mkewe na binti yao, kila mmoja akieleza maisha kwa kinywa chake.

Alikuta nini? Alikuta ukoo unaohesabiwa pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Mtu alipata haki ya kulima ardhi ya ukoo kupitia kwa mzazi yeyote kati ya wawili, na mwanamke alikuwa nayo haki hiyo sawa na kaka yake. Minazi ilikuwa mali ya mtu binafsi, na wanawake walikuwa na minazi yao: ya kurithi, ya kununua, au ya kupewa. Mali ya mume na mali ya mke hazikuchanganywa, kama sheria ya dini ya Kiislamu inavyoelekeza. Ndoa ikivunjika, na kuvunjika kwa ndoa hakukuwa jambo la ajabu, mwanamke aliondoka na chake akarudi kwao, ambako alikuwa na shamba la kulima na ndugu wa kusimama naye.

Tusipake asali mahali pasipo na asali. Huko hakukuwa peponi. Wanaume walikuwa na minazi mingi zaidi, na mnazi ndio uliokuwa zao la fedha. Katika mirathi, fungu la binti ni nusu ya fungu la kaka yake. Mwanamke alilima mpunga wa chakula, akatwanga, akachota maji, akatafuta kuni, akalea, na muda uliobaki akasuka mikeka ili apate shilingi mbili tatu za kwake. Siku yake ilikuwa ndefu kuliko ya mume. Lakini alikuwa na kitu anachokiita changu, na kijiji kizima kilijua ni chake.

Miaka kadhaa iliyopita nami nilikwenda Mafia kwa kazi ya redio. Nilipanda boti pale Nyamisati mpaka Kilindoni, kisha nikachukua barabara ya kwenda kaskazini. Katika kijiji kimojawapo nilimkuta bibi mmoja ameketi barazani kwake anasuka ukili. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu, karibu kitako." Nikatoa kinasa sauti nikamuuliza kama tunavyouliza siku zote sisi watu wa redio: bibi, kazi yako ni nini? Akacheka kidogo. "Mimi sina kazi, mwanangu. Nipo nipo tu nyumbani." Na muda wote huo vidole vyake havikusimama, ukili unarefuka.

Nikamuuliza swali jingine: una minazi? Hapo ndipo alipouweka ukili chini. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Mitatu ameachiwa na marehemu mama yake, iko karibu na kisima cha zamani. Minne ameinunua kwa fedha ya mikeka, mmoja mmoja, kwa miaka mingi. Miwili alipewa na kaka yake walipogawana. Alijua kila mnazi uko wapi, umepakana na wa nani, na mwaka gani ulipigwa na chonga. Daftari lake lilikuwa kichwani, na halikuwa na kosa. Alipoulizwa kwa neno la ofisini, yaani kazi, hakuwa na kitu. Alipoulizwa kwa neno la kwao, alikuwa mwenye minazi tisa.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Tumezoea kusema kwamba mila ndiyo iliyomnyima mwanamke mali, na kwamba serikali na maendeleo ndiyo yatakayomkomboa. Historia ya Mafia inatuonyesha sura nyingine. Mara nyingi kalamu ya ofisi ndiyo iliyomfuta mwanamke ambaye kijijini kwake alikuwa anajulikana.

Kalamu hiyo ni ya zamani. Wajerumani waliichukua Mafia kwa mapatano yao na Waingereza ya mwaka 1890, na kabla ya karne ile kwisha walikwisha kuanzisha kodi ya nyumba katika koloni lao. Waingereza walipoitwaa nchi wakaendeleza kodi ya nyumba na ya kichwa. Aliyeandikwa katika daftari la kodi ni mwanamume. Mwenye wake zaidi ya mmoja alitozwa zaidi kwa ajili ya nyumba za wake wengine. Kwa hiyo mwanamke aliingia katika karatasi za serikali kama nyumba ya kulipiwa na mumewe, ilhali nyuma ya nyumba hiyo hiyo alikuwa na minazi yake mwenyewe. Kutoka hapo likazaliwa lile neno ambalo mpaka leo tunaliona kwenye kila fomu: mkuu wa kaya.

Uhuru ukaja, na mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Wengi tunalikumbuka kwa benki na viwanda. Lakini Mwalimu Nyerere aliweka humo maneno makali kuhusu kazi: kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote katika nchi hii, saa 12 mpaka 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, na kwamba wanaume wa vijijini nusu ya maisha yao wako likizo. Katika andiko lake la mwaka huo huo kuhusu ujamaa vijijini, alikiri kwamba jamii yetu ya asili ilimtwisha mwanamke mzigo kupita haki. Ni viongozi wachache sana wa wakati ule, mahali popote duniani, waliosema hivyo hadharani.

Lakini kusema ni jambo moja, na fomu ni jambo jingine. Katika miaka ya 1970 vijiji vilipopangwa na kuandikishwa, kaya ndiyo iliyohesabiwa, na kaya ilikuwa na mkuu wake. Caplan alirudi Mafia mwaka 1976 akakuta sera hizo zinatekelezwa. Katika makala aliyoitoa mwaka 1981 alionyesha tatizo kwa upole lakini bila kuficha: mipango ya maendeleo inadhani kwamba kila kaya ni mume mwenye mali, na mke na watoto chini yake. Mafia haikuwa hivyo. Mke alikuwa na haki zake mwenyewe katika ardhi na minazi. Mpango unaompa ardhi mkuu wa kaya, hata ukiwa na nia njema, unaweza kumpokonya mwanamke haki aliyokuwa nayo jana.

Hebu sasa tutoke Mafia tutazame dunia, maana bibi yetu wa minazi tisa ana wenzake wengi. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Denmark, Ester Boserup, alitoa kitabu kuhusu nafasi ya mwanamke katika maendeleo ya uchumi. Alionyesha kwamba katika sehemu kubwa ya Afrika jembe la mkono lilikuwa mkononi mwa mwanamke, lakini maofisa wa kikoloni, waliokuja na picha ya mkulima mwanamume kichwani mwao, waliwapa wanaume mbegu mpya, mafunzo na zao la biashara. Mwanamke akabaki na jembe lile lile, na pengo likapanuka. Alichokigundua Boserup kwa kupekua takwimu za mabara, wanawake wa Mafia walikuwa wanakiishi.

Hata kabla ya hapo palikuwa na aliyeonya. Katika miaka ya 1940 mwanauchumi wa Kiingereza, Phyllis Deane, alitumwa kupima pato la taifa la Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, nchi ambazo leo ni Zambia na Malawi. Alipofika vijijini aliona kwamba ukiacha kuhesabu kuni zinazokusanywa na chakula kinachotayarishwa na wanawake, hesabu yote ya uchumi wa kijiji inapinda. Wataalamu waliotunga kanuni za dunia za kupima pato la taifa hawakumfuata. Ilichukua mpaka mwaka 1993 kanuni hizo kukubali kuhesabu hata maji yanayochotwa kwa ajili ya nyumbani. Kupika na kulea watoto kukaachwa nje tena.

Na msidhani ni sisi tu. Mwaka 2023 tuzo ya Nobel ya uchumi ilikwenda kwa Claudia Goldin wa Chuo Kikuu cha Harvard, huko Marekani, aliyepekua kumbukumbu za nchi yake za miaka 200. Aligundua kwamba katika sensa za kale, mwanamke aliyeolewa aliandikwa kazi yake ni mke, basi. Hata kama alilima na mumewe au alifanya kazi za mikono nyumbani, haikuhesabiwa. Goldin alipoyasahihisha madaftari hayo, alikuta kwamba mwishoni mwa miaka ya 1890 wanawake wa ndoa waliokuwa wakifanya kazi walikuwa karibu mara tatu ya walioandikwa. Marekani nzima, ndugu zangu, ilikuwa kama yule bibi wa barazani.

Utaniuliza: kuandikwa au kutoandikwa kunabadili nini, ikiwa chakula kinapatikana? Mwaka 1996 mchumi Christopher Udry alitoa uchunguzi wake wa mashamba ya Burkina Faso, Afrika Magharibi. Huko nako mume na mke kila mmoja ana kipande chake. Alilinganisha vipande vya kaya moja, zao moja, mwaka mmoja. Vya wanawake vilitoa mavuno pungufu kwa asilimia 30 hivi. Sababu haikuwa uvivu wala ujinga. Mbolea na nguvu kazi ya nyumba nzima vilikuwa vinapelekwa kwenye vipande vya wanaume. Kaya yenyewe ndiyo iliyopoteza chakula. Na mwaka 2015 mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na Benki ya Dunia yalikadiria kwamba pengo la namna hii katika kilimo linaigharimu Tanzania yetu dola milioni 105 kwa mwaka. Hiyo ndiyo mali iliyopotea bila habari.

Yapo madaftari yaliyoanza kusahihishwa, na lazima tuyataje. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Swali lilikuwa kama kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika, wengine wakisema ndiyo, wengine wakisema mke ametimiza wajibu wake tu. Mahakama ya Rufani ikasema Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inapotaja mchango wa kazi, kazi ya nyumbani imo. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu ilionekana alikwisha kupewa fedha na mumewe akazitumia ovyo. Yeye alishindwa, lakini kanuni iliyotoka katika kesi yake imewasaidia wanawake wengi waliokuja baada yake.

Mwaka 1995 Mtanzania mwenzetu, Mama Gertrude Mongella, aliongoza maandalizi ya mkutano wa wanawake wa dunia mjini Beijing kama Katibu Mkuu wake. Mkutano ule ulizitaka nchi zipime kazi isiyolipwa. Mwaka huo huo shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba kazi ya wanawake isiyohesabiwa duniani ina thamani ya dola trilioni 11. Mwaka 1999 Bunge letu lilipitisha sheria mbili za ardhi zinazompa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, na kuagiza kwamba katika watu saba wa baraza la ardhi la kijiji, watatu wawe wanawake. Na mwaka 2006 uchunguzi wa nguvu kazi wa taifa, kwa mara ya kwanza, uliwauliza watu siku yao wanaitumiaje, saa kwa saa. Wanawake walionekana kutumia muda mwingi, mara kadhaa kuliko wanaume, katika kazi za nyumbani zisizo na malipo. Kwa wengi wetu haikuwa habari mpya, ila sasa ilikuwa imeandikwa.

Je, na bahari? Turudi Mafia, maana huko ndiko daftari lilikochelewa zaidi. Katika pwani yetu mwamba unaoachwa wazi na maji ya bamvua ulikuwa uwanja wa wanawake. Maji yakitoka, wanawake wa Jibondo na vijiji vingine hushuka kwa miguu, kijiti mkononi, kutafuta pweza katika mashimo yake na kuokota chaza na kome. Ilikuwa kitoweo, na kilichobaki kiliuzwa. Miaka ya 1990 makampuni ya kununua pweza kwa ajili ya soko la Ulaya yakafika. Bei ikapanda. Wanaume, ambao zamani hawakumjali sana pweza, wakaingia kwa miwani ya kuzamia na vyombo, wakamfuata kwenye kina ambako mwenye kutembea kwa miguu hafiki. Hakuna sheria iliyowafukuza wanawake. Zao likipata bei, hubadili mkono. Ndilo lile lile la Boserup, safari hii ndani ya maji.

Mwani nao una somo lake. Ulipoanza kulimwa kibiashara mashariki ya Unguja mwaka 1989, wanawake ndio waliouchukua, na wengi walijenga nyumba na kusomesha watoto. Kilimo hicho kilifika Mafia pia. Lakini bei hupangwa na mnunuzi wa mbali, na maji yalipozidi kupata joto, ile aina yenye bei nzuri ikaanza kufa. Wakulima wakabaki na aina ya bei ndogo. Kazi ipo, imeonekana, lakini malipo hayatoshi. Kwa hiyo kuandikwa peke yake hakutoshi, ingawa bila kuandikwa hata mazungumzo ya bei hayaanzi.

Mwaka 2020 kundi la watafiti wa kimataifa walikadiria kwamba wanawake wapatao milioni 2.1 duniani huvua tani milioni 2.9 hivi kwa mwaka katika uvuvi mdogo wa baharini. Wanawake hao ni kama asilimia 11 ya watu wote wanaoshiriki uvuvi huo. Hao ni wale wanaovua kwa mikono yao, bila kuwahesabu wanaokaanga, wanaokausha na wanaobeba kwenda sokoni.

Nina mjomba wangu, mzee wa heshima, ambaye kila nikigusa habari hizi hunisimamisha. "Mwanangu," husema, "mkianza kupiga hesabu ya wali aliopika mke, ndoa itageuka duka. Kesho ataniletea risiti." Nampenda mjomba, na hofu yake naielewa. Ndani ya nyumba watu wanapendana na kusaidiana bila daftari, na Mungu atujaalie iendelee hivyo. Lakini daftari ninalolisema halikai jikoni kwa mjomba. Liko ofisi ya kijiji, liko halmashauri, liko Dodoma. Huko hakuna anayempenda shangazi wala anayemjua. Huko shangazi atajulikana kwa kilichoandikwa tu. Na siku mjomba atakapotangulia mbele ya haki, ndugu watakapokuja kuhesabu minazi, mapenzi ya miaka 40 hayatakuwa ushahidi.

Yule bibi wa minazi tisa anaishi katika wilaya ambayo bahari yake inagombewa na wengi: wavuvi, hifadhi, wenye hoteli, na sasa watafutaji wa gesi na mafuta katika pwani yote ya kusini. Shungimbili ilikwisha kupata daftari lake jipya, na ndani yake kuna hifadhi na wageni. Visiwa na fukwe nyingine zitafuata. Mkutano utakapoitishwa, mtendaji atakuja na fomu, na kwenye fomu kutakuwa na mstari mmoja wa mkuu wa kaya.

Wanawake mlioko vijijini, na ninyi watoto wao mliohamia Dar es Salaam mnaosoma gazeti hili ndani ya daladala, siku hiyo ulizeni mambo matatu. Kwanza, nani anayetembea juu ya mwamba huu maji yakitoka, na je, ameandikwa? Pili, minazi hii na shamba hili ni vya nani mmoja mmoja, na je, majina yote yamo? Tatu, fedha ikija, ya fidia au ya ushuru wa watalii, itaingia mkononi mwa nani? Msikubali mkutano ufungwe kabla majibu hayajaandikwa kwa wino.

Na kama mama yako au bibi yako bado yu hai kijijini, usingoje mkutano. Safari ijayo ukienda kumsalimia, chukua daftari la kurasa 32 na kalamu. Mwambie akutembeze shambani, akutajie mnazi mmoja mmoja, umetoka kwa nani na umepakana na nani. Andika, kisha mpelekee mwenyekiti wa kijiji atie sahihi na muhuri.

Tukutane tena wiki ijayo.